Msasi Aliyehesabu Kila Kifo

Jina la Franz Ferdinand limo katika kila kitabu cha historia kisomwacho na watoto wetu shuleni. Aghalabu hutajwa kwa mstari mmoja tu: kwamba alikuwa mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria, kwamba alipigwa risasi mjini Sarajevo tarehe 28 Juni, 1914, na kwamba kifo chake kikawasha Vita Vikuu vya Kwanza. Mtoto hukariri tarehe, akapita mtihani, na mtu mwenyewe akabaki jina tupu. Leo, wasomaji wangu, nataka kumweleza mtu huyo kwa upande ambao vitabu vya shule haviugusi, nao ni upande wa usasi. Kabla ya kuwa maiti aliyetajwa kuliko maiti wote wa zama zake, alikuwa msasi asiye na mfano, na kuta za nyumba yake zilijaa mabufuru ya wanyama aliowaua kwa mkono wake mwenyewe.

Sikumchagua kwa ajili ya ajabu hiyo peke yake. Mtu huyu alihesabu kila roho aliyoitoa, akaiandika daftarini. Kisha kifo chake yeye kikazaa vifo vya watu ambao hakuna aliyewahesabu sawasawa hadi leo, na wengi wao walikuwa wa huku kwetu. Mambo mawili hayo, hesabu na kutohesabu, ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Kuzaliwa na kurithi

Franz Ferdinand alizaliwa katika mji wa Graz, nchini Austria, tarehe 18 Disemba, 1863. Babake, Karl Ludwig, alikuwa nduguye Kaizari Franz Joseph. Mamake, Maria Annunziata, alikuwa binti wa mfalme wa Italia ya kusini, naye alikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1871, mwana akiwa na miaka saba tu. Alilelewa na mama wa kambo kutoka Ureno, na yasemwa alimpenda kama mamake wa kumzaa.

Mali ilimjia mapema. Mwaka wa 1875, hajatimiza hata miaka 12, alirithishwa utajiri mkubwa na mtawala wa mwisho wa Modena, kwa sharti kwamba aongeze jina la Este juu ya jina lake. Ufalme haukuwa katika hesabu yake kabisa, kwa kuwa Kaizari alikuwa na mwanawe wa kiume, Rudolf. Lakini tarehe 30 Januari, 1889, Rudolf alikutwa amekufa pamoja na mpenzi wake mahali paitwapo Mayerling, katika nyumba ya usasi. Urithi ukahamia kwa Karl Ludwig, naye alipofariki mwaka wa 1896 ukamwangukia mwanawe. Basi kijana aliyekuwa na mali na bunduki sasa akawa na taji likimngojea, na Kaizari mzee aliyelivaa hakuwa na haraka ya kufa.

Mwaka wa 1887 alikuwa amekwisha kununua kasri la Konopiště, huko Bohemia, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, mwendo wa kilomita zipatazo 50 kusini mashariki ya mji wa Prague. Alilitengeneza upya, akatia umeme na mabomba ya maji, akapanda bustani ya mawaridi iliyosifika Ulaya nzima. Ndani ya kasri hilo ndimo alimotundika nyara zake.

Bufuru linavyotengenezwa

Hapa inafaa nieleze kidogo habari ya mabufuru yenyewe, kwa kuwa wengi wetu hatujapata kuyaona.

Kulungu dume wa Ulaya ana pembe za matawi-matawi. Pembe hizo ni mfupa mtupu, na kila mwaka huanguka zikaota nyingine. Si kama pembe za mbuzi wetu au za swala, ambazo ni ganda lililovaa kiini cha mfupa na hukaa kichwani maisha yote ya mnyama. Waingereza walipenda sana kutundika kichwa kizima, yaani ngozi iliyokaushwa, ikajazwa, ikatiwa macho ya kioo mpaka ukadhani mnyama anakutazama. Watu wa Austria, Ujerumani na Bohemia wao walipenda mfupa peke yake, mweupe, na pembe zake juu. Ndiyo sababu mpaka leo wasasi wa Marekani huuita mtindo huo mtindo wa Ulaya. Hauhitaji fundi wa kujaza ngozi. Msasi mwenyewe aweza kuufanya uani kwake, akiwa na sufuria kubwa, kisu butu na subira.

Kichwa hukatwa, kikachunwa ngozi, macho na ulimi vikatolewa, na taya la chini likatenganishwa. Taya hilo halitupwi, kwa kuwa meno yake ndiyo yanayoeleza umri wa mnyama. Ubongo hutolewa kwa tundu la nyuma, pale uti wa mgongo unapoingilia, kwa waya uliopindwa ncha na maji mengi. Kisha kichwa hurowekwa katika maji baridi siku moja au mbili, na maji hubadilishwa kila yanapogeuka mekundu, mpaka damu yote itoke.

Baada ya hapo ni moto, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Maji yatiwe magadi kidogo au sabuni, yachemke polepole, yasitokote kwa nguvu. Yakitokota sana mafuta huingia ndani ya mfupa, na bufuru litakalotoka jeupe leo litageuka manjano baada ya miezi. Tena mifupa myembamba ya pua huachana na meno yakang'oka. Pembe lazima zibaki juu ya maji, zimefungwa kitambaa, ama zitapauka. Nyama ikilegea hukwanguliwa, na pua husafishwa ndani, maana kipande kidogo tu cha nyama kikisalia nyumba nzima itajua. Mfupa huoshwa tena kwa maji ya vuguvugu na sabuni kuondoa mafuta. Mwisho hufunikwa kwa pamba iliyolowa haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda, ikaachwa siku nzima, bila kugusa mashina ya pembe. Dawa ya klorini ya kufulia nguo haifai hata kidogo, kwa kuwa huula mfupa ukawa unga. Likikauka, bufuru hupigiliwa kwenye ubao wa mti mgumu.

Kisha huja kalamu. Desturi ya wasasi wa nchi zile ni kuandika, juu ya mfupa wa paji la uso au juu ya ubao, mahali na siku mnyama alipouawa. Nilipolijua jambo hili moyo wangu ulikwenda mbali sana na Bohemia. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba aya za Kurani, kabla ya kukusanywa katika msahafu mmoja, ziliandikwa juu ya makuti, juu ya mawe bapa na juu ya mifupa ya mabega ya wanyama. Mfupa ni daftari la kale. Kilichoandikwa juu yake ndicho kinachotofautiana.

Nawaonya wasomaji wasije wakajaribia ufundi huu kwa swala wa Tsavo. Usasi ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na biashara ya nyara ikafungwa mwaka uliofuata. Kuwa na nyara bila ya kibali ni kosa, na jela yake si ndogo. Isitoshe, kwetu sisi wafuasi wa Imam Shafi, mfupa wa nyamafu ni najisi, hata ukaoshwa kwa bahari nzima. Mwenye hamu na achukue kichwa cha beberu aliyemchinja Sikukuu ya Idi. Huyo ni halali na mfupa wake ni tohara. Ajue tu kwamba maganda ya pembe yatachopoka katika maji ya moto, itambidi ayakaushe kisha ayarudishe kwa gundi.

Safari ya kuizunguka dunia

Tarehe 15 Disemba, 1892, Franz Ferdinand aliondoka bandari ya Trieste kwa manowari iliyoitwa Kaiserin Elisabeth. Alipitia Port Said na Suez, akateremka Aden, bandari ambayo mabaharia wetu wa majahazi waliijua kama nyumba ya jirani, kisha akavuka kwenda Ceylon na India. Huko India alikuwa mgeni wa watawala wakubwa, mmoja wao akiwa Nizam wa Hyderabad, Mir Mahbub Ali Khan, Mwislamu na yeye pia msasi wa kutajika. Aliwinda chui milia kutoka juu ya migongo ya tembo, akaendelea mpaka mipaka ya Nepal. Alifika Java, Australia, Hong Kong na Japani, akavuka bahari kwenda Kanada na Marekani, na akarudi kwao mwezi wa Oktoba, 1893. Kila alikopita alikusanya: silaha, vinyago, ndege waliokaushwa, ngozi na mafuvu. Habari za safari hiyo alizichapisha katika vitabu viwili vikubwa.

Mtu angedhani kwamba kuiona dunia kungempunguzia hamu ya bunduki. Haikuwa hivyo. Daftari zake za usasi, ambazo alizitunza kwa uangalifu wa karani wa benki, zinaonyesha kwamba mpaka mwisho wa maisha yake alikuwa ameua wanyama na ndege zaidi ya 270,000. Tuseme aliwinda miaka 40, tangu utoto wake. Hiyo ni roho 18 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zimo.

Msomaji atauliza inawezekanaje. Inawezekana kwa sababu usasi wa wakubwa wa wakati ule haukuwa wa kunyemelea. Wanakijiji walipangwa safu ndefu, wakapita mwituni wakipiga kelele na magongo, na wanyama wote wakakimbilia upande mmoja ambako mabwana walisimama wakiwangoja. Nyuma ya bwana husimama watumishi wenye bunduki za akiba. Akimaliza risasi za hii, hupewa nyingine imekwisha jazwa. Kwa njia hii kuna siku ambayo yeye peke yake aliua zaidi ya wanyama 2,000. Wengi walikuwa sungura na kwale na ndege wa namna hiyo, si kulungu tu. Naye alikuwa na shabaha kali mno. Hata waliomchukia hawakumnyima sifa hiyo.

Dini yetu haikuharimisha usasi. Sura ya Al-Maida imeeleza wazi windo lililo halali na namna ya kulitajia jina la Mwenyezi Mungu. Babu zetu wa Kiboni na Kisanye walikula kwa mshale, na hakuna aliyewalaumu. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekataza kiumbe mwenye roho afanywe shabaha ya kulengea. Tofauti baina ya windo na shabaha ni njaa. Mwenye njaa akishiba huacha. Mwenye kuhesabu hana kituo, kwa sababu tarakimu hazishibi.

Mume na baba

Nisingependa msomaji afikiri namchora shetani. Mtu huyu alikuwa na upande mwingine, na haki ni kuutaja.

Ugonjwa uliomuua mamake ulimshika naye. Katika miaka ya kati ya 1890 na kitu kifua kikuu kilimlaza, madaktari wakamkataza kazi, naye akapelekwa milimani na kisha Misri kwa ajili ya hewa kavu. Huko kwao wakubwa walianza kumwacha na kumgeukia mdogo wake Otto, kana kwamba yeye amekwisha zikwa. Alipona, lakini hakusahau. Tangu hapo alikuwa mtu wa hasira za karibu na marafiki wachache.

Mwanamke aliyempenda aliitwa Sophie Chotek. Alikuwa binti wa ukoo mzuri wa Bohemia, ila haukuwa ukoo wa kifalme, tena alikuwa akimhudumia mke wa mmoja wa jamaa zake. Kaizari alikataa katakata. Franz Ferdinand alishikilia, na mwisho alikubaliwa kwa sharti zito: tarehe 28 Juni, 1900, aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba mke wake hatakuwa malkia na watoto wake hawatarithi taji. Siku tatu baadaye walioana. Walipata binti na wana wawili wa kiume. Katika karamu za Vienna Sophie alitembea nyuma ya mabinti wadogo wa kifalme, mumewe akitazama na kunyamaza. Nyumbani Konopiště alikuwa baba anayecheza na wanawe sakafuni, chini ya zile pembe.

Na katika siasa, mtu huyu aliyeua wanyama bila kuchoka aliogopa vita vya watu. Mkuu wa majeshi wa Austria alitaka mara kwa mara kuishambulia Serbia. Franz Ferdinand alimzuia, kwa kuwa alitambua kwamba nyuma ya Serbia iko Urusi, na kwamba vita baina ya Austria na Urusi vitaziangusha falme zote mbili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa baadaye, neno kwa neno.

Mwaka wa 1913, katika milima ya Blühnbach karibu na Salzburg, alimpiga mbuzi wa milimani aliyekuwa mweupe mwili mzima. Wenyeji wa milima ile wanaitakidi kwamba amwuaye mbuzi mweupe atakufa kabla ya mwaka kwisha. Sisi tunajua kwamba ajali haiandikwi na mbuzi, ila na Aliyewaumba mbuzi na msasi. Lakini wenyeji hawajaacha kuisimulia habari hiyo mpaka leo, kwa sababu mwaka haukwisha.

Siku ya Sarajevo

Mji wa Sarajevo si mgeni kwa Mwislamu. Uko Bosnia, nchi iliyokuwa chini ya dola ya Uthmaniya zaidi ya miaka 400, na msikiti wake mkuu, wa Gazi Husrev-beg, ulijengwa kiasi cha mwaka wa 1530, kabla ya Wareno kuijenga Ngome ya Mombasa. Austria iliishika Bosnia mwaka wa 1878, ikaitangaza kuwa mali yake mwaka wa 1908, na mwaka wa 1912 ikatoa sheria ya kuutambua Uislamu wa madhehebu ya Hanafi. Waserbia wa Bosnia walitaka kuungana na ndugu zao wa Serbia, na vijana wao walikuwa wanachemka.

Franz Ferdinand alikwenda huko mwezi wa Juni, 1914, kukagua majeshi. Alimchukua Sophie, maana huko mbali na Vienna angeweza kukaa ubavuni mwake kwa heshima. Jioni moja waliingia sokoni wakinunua vitu kama watu wengine, na watu waliwapokea vizuri. Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 28 Juni, ambayo ilitimiza miaka 14 tangu kile kiapo.

Vijana sita wenye mabomu na bastola walisimama kando ya barabara ya mtoni. Mmoja wao alikuwa Mwislamu, Muhamed Mehmedbašić. Motokaa ilimpita, na yeye hakuinua mkono. Mwingine, Nedeljko Čabrinović, alitupa bomu. Lilidunda juu ya motokaa likapasuka chini ya ile iliyofuata, likajeruhi watu kadhaa. Msafara ukakimbia mpaka jumba la baraza la mji, ambako meya, Fehim Effendi Čurčić, Mwislamu mwenye kofia yake nyekundu, alianza kusoma hotuba ya kukaribisha aliyoiandaa, asijue aifanyeje. Mgeni alimkatiza kwa hasira, kwamba amekuja kwa wema akapokewa kwa mabomu. Kisha akajituliza, akaisoma hotuba yake mwenyewe kutoka karatasi iliyokuwa imelowa damu ya afisa aliyejeruhiwa.

Aliamua kwenda hospitali kumtazama afisa huyo. Njia ikabadilishwa, lakini dereva hakuambiwa. Alikata kona ya kuingia barabara ya zamani, akapigiwa kelele, akasimamisha motokaa arudi nyuma. Pale iliposimama, hatua chache tu, alikuwapo Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19. Alipiga risasi mbili. Moja ilimpata Sophie tumboni, moja ikampata Franz Ferdinand shingoni. Kabla ya adhuhuri wote wawili walikuwa wamekufa.

Mtu aliyetumia maisha yake akingoja wanyama wasukumwe mbele ya bunduki yake aliletwa na dereva wake mwenyewe mbele ya bunduki ya mwingine, akasimamishwa. Sisemi zaidi ya hapo. Mwenye kuzingatia atazingatia.

Hata kifoni Sophie hakuachwa. Huko Vienna jeneza lake liliwekwa chini kuliko la mumewe, na juu yake zikawekwa glovu na kipepeo cha mkononi, alama za mwanamke mtumishi. Franz Ferdinand alikuwa ameliona jambo hilo mbele, akajenga kaburi lake mapema katika kasri la Artstetten ili walale pamoja. Ndiko walikozikwa. Princip alifia gerezani mwezi wa Aprili, 1918, kwa kifua kikuu. Wana wawili wa marehemu walinyang'anywa Konopiště na serikali mpya ya Czechoslovakia, na mwaka wa 1938 wakatupwa na Wanazi katika kambi ya Dachau. Walitoka wakiwa hai.

Moshi uliofika pwani

Mwezi mmoja baada ya risasi zile, Austria iliipiga vita Serbia, na baada ya wiki Ulaya nzima ilikuwa inawaka. Mwezi wa Agosti huo huo Waingereza waliivunja Kaya Fungo kwa baruti, kwa sababu Wagiriama, waliochochewa na Mekatilili wa Menza, walikataa kutoa vijana wao kuwa vibarua na wapagazi. Mwezi wa Novemba jeshi kubwa kutoka India lilishushwa Tanga likapigwa na Wajerumani na waaskari wao, na nyuki nao wakaingia vitani. Januari ya 1916, huko Mwele katika Kwale, aliuawa Meja Arthur Wavell, Mwingereza aliyepata kuingia Makka kwa kujibadilisha, akiwa na kikosi chake cha Waarabu wa Mombasa.

Hao wenye bunduki angalau wametajwa, na masanamu yao yako Mombasa na Nairobi. Lakini vita vya huku kwetu havikubebwa na farasi wala magari, kwa sababu mbung'o waliwaua farasi na matope yakameza magari. Vilibebwa na vichwa vya watu. Mamia ya maelfu ya wanaume walichukuliwa, wengi kwa nguvu, wakatiwa katika kile kikosi cha wachukuzi ambacho jina lake la Kiingereza tulilitafuna likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa baridi na kwa njaa. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe walikufa wapagazi zaidi ya 40,000 upande wao, na hesabu hiyo ni ya wale walioandikwa tu. Mwaka wa 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika vita vile, wengi wao Waafrika wa mashariki na Wamisri, hawakupewa kumbukumbu ya majina, au hawakupewa kumbukumbu yoyote. Wakubwa wa wakati ule waliona kwamba watu wa namna hiyo hawahitaji jiwe la kaburi.

Leo kasri la Konopiště liko wazi kwa watalii. Mabufuru yangali ukutani, safu juu ya safu, meupe kama siku yalipotoka katika dawa. Kulungu aliyekufa katika misitu ile zaidi ya miaka 100 iliyopita ana daftari lenye siku yake na pahala pake. Mpagazi aliyeanguka njiani baina ya Voi na Taveta, au huko kusini kwenye mto Rufiji, na mzigo wa mtu mwingine kichwani, hana. Mkewe hakuambiwa siku, wanawe hawakuonyeshwa kaburi la kusomea Yasini.

Lakini katika nyumba zetu wangali wazee waliosimuliwa na wazee wao kwamba fulani bin fulani alichukuliwa Kariakoo asirudi. Basi mwenye jina na aliandike, pamoja na kijiji alikotoka na jina la babake, kabla mzee mwenye kulijua hajaondoka nalo. Kwa Mwenyezi Mungu kila roho imehesabiwa, tangu kwale wa Bohemia mpaka mchukuzi wa Digo. Hesabu iliyopunguka ni yetu sisi.